Nafasi ya Nadine Kule Bayard

Mume wangu Lucius Gaddis hana shida ya kuongea. Mpira, theluji, mahubiri marefu ya mchungaji, yote hayo atakuongelesha mpaka chai ipoe. Lakini jambo lenye uzito hulikalia kimya mpaka limeshaharibika, ndipo alilete mezani. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili nisije nikaulizwa kwa nini sikumzuia. Ningemzuiaje mtu aliyekuja kunieleza akiwa ameshatia sahihi?

Sisi ni watu wa Kessler, Michigan, na Kessler ni mji wa Tolliver. Kampuni hiyo ya magari ndiyo iliyowatoa wazee wetu kwenye mashamba ya pamba ya Arkansas ikawapa mshahara, nyumba yenye ua, na bima hadi ya meno. Hapa kwetu humuulizi mtu anafanya kazi gani, unamuuliza yuko idara gani. Baba mkwe wangu alikuwa rangi. Lucius ni milango, na kwa miaka ishirini na minane ameifunga milango ya magari hata bega lake la kulia limekuwa chini kuliko la kushoto. Mimi nasuka nywele kwenye chumba cha chini ya nyumba, na hata mimi nakula kwa Tolliver, maana wanawake wanaokaa kwenye kiti changu hunilipa kwa mishahara ya kiwandani.

Mtoto wetu ni mmoja, Nadine. Alikuwa ameanza masomo ya uuguzi, na anayaweza, wakati Tolliver walipoajiri watu kwenye kiwanda chao cha injini kule Bayard, mwendo wa nusu saa kwa gari. Kila mfanyakazi mkongwe alipewa nafasi ya kumleta jamaa yake mmoja. Lucius akamleta Nadine. Mimi nilibisha kidogo, nikanyamaza. Muuguzi aliyesoma miaka yote ile alikuwa analipwa chini ya mtu wa Bayard anayekaza boliti, na kila mtu Kessler alijua hivyo. Majirani walituletea keki. Mtu wa mbali leo atatuona wapumbavu, lakini hakuna nyumba hata moja mtaani kwetu ambayo isingefanya vilevile.

Ndipo ukaja mwaka ule wa 2008. Mafuta yalipanda, watu wakayakimbia magari makubwa, na magari makubwa ndiyo tuliyokuwa tunatengeneza. Kisha mabenki yakaanguka, na aliyetaka gari hata dogo hakupata wa kumkopesha. Mameneja wetu wakaenda Washington kuomba wasaidiwe. Tulikaa mbele ya televisheni tukiwatazama wanavyohojiwa kama watoto walioiba sukari, na Lucius, ambaye maisha yake yote amewatukana mameneja hao, siku hiyo aliwaonea huruma. Haikusaidia kitu. Kabla ya sikukuu ya Shukrani likaja tangazo kwamba kiwanda cha Kessler kitafungwa mara baada ya Krismasi.

Kufungwa kwa kiwanda hakumaanishi kila mtu amemwaga unga. Chama chetu cha wafanyakazi kilipigania kanuni moja zamani, na watu waliingia barabarani kwa ajili yake: mkongwe wa kiwanda kilichofungwa ana haki ya kuhamia kiwanda ndugu na kuchukua nafasi ya mtu mgeni kuliko wote pale. Yule mgeni anatoka. Hakuna upendeleo wala undugu, ni ukongwe tu unaohesabiwa. Asiyetaka kuhama huchukua kiinua mgongo, anauza ukongwe wake kwa kampuni na kwenda zake.

Bayard wangeweza kupokea watu wachache tu kutoka Kessler. Bernice Oakes, mwakilishi wetu wa chama, alipiga hesabu akaona nafasi ya mwisho inamwangukia Lucius. Na mgeni kuliko wote kule Bayard, ambaye angetolewa ili Lucius aingie, alikuwa Nadine.

Mnaona basi tulipokuwa. Lucius alikuwa amebakiza mwaka na kitu afikishe miaka thelathini, na anayefikisha thelathini anapata pensheni kamili na bima ya matibabu mpaka kaburini, yeye na mkewe. Mimi nina kisukari, kwa hiyo bima hiyo si pambo. Upande wa pili yuko mtoto aliyeacha shule kwa sababu baba yake alimwambia Tolliver haifi.

Siku ya Shukrani tulikula pamoja kama kawaida, na Wendell Pruitt alikuwepo na mkewe Opal. Wendell na Lucius waliajiriwa asubuhi moja, kwenye foleni moja. Watu wakiajiriwa siku moja, ukongwe huamuliwa kwa tarakimu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii ambayo serikali humpa kila mtu, na tarakimu za Lucius zilimweka mbele. Kwa sababu ya tarakimu hizo Lucius amemwita mwenzake "mdogo wangu" tangu wakiwa vijana, ingawa Wendell amemzidi umri.

"Baba, ukija Bayard," Nadine alisema huku akijipakulia makaroni, "pale kwenye mashine yangu kuna redio. Usije ukaihamisha ukaweka stesheni yako ya kwaya."

"Nani kasema nakuja?"

"Dada Bernice. Kiwanda kizima kinajua. Wenzangu wananiita marehemu."

"Marehemu gani anayekula namna hii?" Wendell akauliza.

"Marehemu wa Tolliver tunashiba kwanza, Mjomba. Kuzikwa baadaye."

Tulicheka wote isipokuwa Lucius, ambaye alikuwa anakata bata mzinga vipande vidogo kama wa kulisha mtoto.

"Mimi msinihesabu," Wendell akasema. "Nachukua kiinua mgongo changu naenda Alabama kwa dada yangu. Theluji ya hapa nawaachieni mle."

"Wewe, mdogo wangu, hata Alabama utafika umechelewa," Lucius akamjibu, na kidogo uso wake ukakunjuka.

Baadaye, tukiwa tunaosha vyombo, Nadine alimfuata baba yake akamwambia bila mzaha. "Baba, nasema kweli. Njoo uchukue. Mimi bado kijana, nitapata kitu. Wewe umebakiza mwaka na kitu tu."

"Kuna viazi vitamu vimebaki," Lucius akasema. "Beba uende navyo."

Hilo ndilo jibu alilompa mtoto wake. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia vyombo na nilitamani kumchapa nacho.

Katikati ya Desemba alirudi nyumbani kabla ya mchana akiwa na boksi la donati. Lucius hanunui donati bila sababu. Nikaacha kichwa cha mteja wangu nusu kimesukwa nikapanda juu.

"Kuna nini?"

"Nimetoka kwa Bernice. Nimechukua kiinua mgongo." Alikuwa anatabasamu. "Nadine anabaki."

Nilikaa. Kwanza nilimpenda. Nisiseme uongo, nilimpenda kama siku ile ya kwanza aliponisindikiza kutoka kanisani. Kisha hasira ikanipanda, maana nilielewa kwamba ameuza miaka ishirini na minane na dawa zangu asubuhi ile ile, akapitia dukani, akachagua donati za krimu.

"Bernice alisemaje?"

"Alisema nifikirie vizuri. Nikamwambia nimeshafikiria."

"Na mimi? Mimi ungeniambia lini?"

"Si nakuambia? Bima itaendelea miezi sita. Tutajibana. Nitapata kazi ya ulinzi mahali."

"Lucius, anayekufuata wewe kwa ukongwe ni nani?"

"Wendell. Na Wendell anaenda Alabama, umemsikia mwenyewe hapa mezani."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Nimesimama na Wendell bega kwa bega tangu ana nywele." Akafungua boksi. "Usimwambie Nadine. Akijua atakwenda kuacha kazi kwa ukaidi tu. Mwache amalize Krismasi yake."

Nikanyamaza. Nadine aliona siku zinapita, hajaitwa ofisini, akadhani hesabu za Bernice zilikosewa. Alikuja kula Krismasi kwetu akiwa amechangamka. Lucius alimtazama jioni nzima kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na mimi nikaanza kufikiri labda mume wangu safari hii ana akili kunishinda.

Baada ya mwaka mpya, mara tu kiwanda chetu kilipofungwa, Wendell alikuja. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya theluji, akakataa kuvua, akakataa kukaa.

"Shemeji, Lucius yuko?"

"Yuko. Ingia, unaniingizia baridi."

Aliingia akasimama kwenye zulia dogo la mlangoni, asikanyage nje yake. Lucius alitoka jikoni na kikombe mkononi.

"Mdogo wangu. Alabama vipi?"

"Siendi," Wendell akasema. "Nyumba haiuziki. Nimeshusha bei mara tatu, hata wa kuja kuchungulia hakuna. Shemeji yangu kule naye wamemfukuza, wamejazana wanane kwenye vyumba viwili. Halafu watu wanasema Tolliver inakwenda mahakamani kutangaza imefilisika, na kiinua mgongo chenyewe wanalipa kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza utaliona. La pili nani ajuaye? Opal hajalala wiki nzima."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Bernice alinipigia kuniambia kuna nafasi Bayard. Nikaichukua." Akatazama viatu vyake. "Nilidhani wewe umeshapewa yako, Lucius. Nilidhani Nadine ametoka ukaingia wewe, na mimi napewa nyingine. Jana ndio wameniambia naingia nafasi ya nani."

Nilimwona mume wangu anaweka kikombe juu ya televisheni, mahali ambapo hakiwekwi kikombe.

"Basi ikatae," akasema.

"Ningeikataa. Haki ya Mungu nimekaa garini nusu saa nikifikiria kuikataa. Lakini nyuma yangu yuko Purvis wa viti, ana watoto wanne. Nyuma ya Purvis kuna yule dada wa taa. Nyuma yake kuna foleni mpaka barabarani, Lucius. Nikitoka mimi anaingia Purvis, na Nadine anatoka vilevile. Hakuna mtu atakayekataa."

"Mimi nimekataa."

"Ndiyo," Wendell akasema. "Peke yako."

Hakuna aliyepaza sauti. Ningependa wangepigana, walau pangekuwa na kitu cha kuamulia. Wendell aliniaga kwa heshima, akafunga mlango polepole kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Lucius alivaa koti lake akaenda ofisi za chama. Nilikwenda naye, sikumwachia tena kwenda peke yake. Bernice alikuwa amezungukwa na maboksi, wanahamisha vitu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Nimesuka nywele zake miaka kumi na mitano, nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Rudisha sahihi yangu," Lucius akamwambia. "Niende Bayard mimi. Wendell atanipisha, mimi niko mbele yake."

"Ulikuwa mbele yake. Ukongwe umeuuza, Lucius. Ukiajiriwa leo unaanza nyuma ya kila mtu, nyuma hata ya Nadine, na hakuna anayeajiri."

"Wewe ulijua nafanya vile kwa ajili yake."

"Nilijua. Nikakuambia kaa, fikiria. Nikakuambia ukijiondoa wewe foleni inasogea tu. Ukaniambia Wendell anakwenda Alabama." Aliuma mdomo. "Kanuni hii baba yako aligoma wiki nzima kwenye baridi ipatikane, ili wakubwa wasichague wanaowapenda. Na wewe ulitaka kuchagua unayempenda. Sikulaumu. Ningekuwa na mtoto ningefanya nini, sijui."

Lucius ndiye aliyeendesha gari kurudi. Alipitiliza kona ya kwetu, akazunguka mtaa mzima ndipo akarudi.

Nadine alipewa wiki moja ya kumfundisha Wendell ile mashine. Ndiyo desturi, anayetoka humfundisha anayeingia, na Nadine si mtu wa kususa. Kila jioni alikuja kwetu kula, kwa sababu nyumbani kwake alikuwa ameanza kufunga vitu. Alikuwa amekwisha kujua kila kitu, Wendell alimweleza siku ya kwanza kabla hawajawasha mashine. Siku nne alikula bila kuligusa jambo hilo, akaongea habari za mvua na theluji, akawa ni baba yake mtupu. Ijumaa alipoleta viatu vyake vya kazi vyenye ncha za chuma kwenye mfuko wa plastiki, Lucius ndiye aliyeanza.

"Wendell anaendeleaje?"

"Mashine inamkimbiza. Mikono yake imezoea milango, hii ni vitu vidogo. Leo alidondosha vyuma mara mbili, msimamizi akamtazama vibaya, nikasema ni mimi." Alivuta kiti. "Ni mzee, Baba. Anachoka kama wewe."

"Nilitaka ubaki," Lucius akasema.

"Najua."

"Nilidhani nikitoka mimi wewe unabaki. Sikuona zaidi ya hapo."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ningekataa, ungekuja Bayard, ningekufundisha wewe mashine badala ya Mjomba, na leo mshahara ungeingia nyumba hii." Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anasema taratibu, anamweleza kama alivyokuwa akimweleza Wendell mashine. "Mama angekuwa na uhakika wa dawa zake. Mimi ningelala chumba changu cha zamani, ningerudi shule. Kazi ingebaki kwetu, Baba. Uliishika mkononi ukaitupa nje, na hukunipa mimi, uliwapa foleni."

Nilitaka kumwambia inatosha. Lakini alikuwa anasema kweli tupu, na baba yake alihitaji mtu wa kumwambia, maana mimi nilishindwa kwa wiki nzima. Lucius alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaondoka mezani akaenda kulala, jua halijazama.

Tangu siku ile alipungua. Hakuugua, alipungua tu. Chakula alikuwa anakizungusha kwenye sahani. Watu wakija kuniletea vichwa, na walikuwa wachache mno kwa sababu siku hizi wanasukana wenyewe, alipitia mlango wa nyuma ili asisalimiane nao. Alikwenda kuomba ulinzi sehemu saba, na kila sehemu alikuta watu wa milango, viti na rangi wamemtangulia. Mpira hakuutazama. Nadine alirudi chumba chake cha zamani, akaenda kuulizia shule, akaambiwa masomo aliyofanya yamepitwa, aanze upya na alipie. Alimwandalia baba yake maji ya kuoga, alimchekesha, alimwita marehemu. Hakuna lililomwingia. Jambo moja tu lilimtafuna, na kila mmoja wetu alilijua: kwamba kulikuwa na njia nzuri na yeye hakuipita.

Mwishoni mwa Machi tulikuwa mezani, supu ya kunde na mkate wa mahindi, televisheni inaongea peke yake sebuleni. Tukasikia jina la Tolliver. Kampuni inakwenda mahakamani, imefilisika, na ili mahakama iipe nafasi ya kupumua itafunga viwanda vingine. Wakasoma majina. La tatu lilikuwa Bayard. Wote nje mwezi wa sita, wakongwe kwa wageni, na safari hii hakuna kiwanda ndugu cha kuhamia, na fungu la pili la kiinua mgongo limesimamishwa mpaka jaji aamue.

Nadine aliweka kijiko chini. Mimi nilikuwa nafikiria fungu la pili, kwa sababu ndilo nililokuwa nimelipangia dawa. Kisha nikamwazia Opal. Lucius alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza mpaka mtangazaji akahamia habari za hali ya hewa.

"Mwezi wa sita," akasema. "Kwa hiyo hata ningekwenda mimi."

Akamgeukia mtoto wake.

"Nisingefikisha thelathini. Nadine, hata ningekwenda mimi, si ingekuwa hivi hivi?"

Nadine alimtazama baba yake. Nilimwona anapiga hesabu niliyoipiga mimi pia, kwamba miezi mitano ya mshahara ni miezi mitano, kwamba ungelipa shule, ungelipa dawa. Aliipiga yote, akaiacha.

"Ingekuwa hivi hivi, Baba," akasema. "Hata ungekwenda wewe."

Lucius akashusha pumzi. Mabega yake, lile la juu na lile la chini, yakalegea yote mawili. Mji wetu ulikuwa umekufa, rafiki yake amekwisha, pesa zetu zimekwenda kwa jaji, na mume wangu alivuta sahani akaanza kula kwa hamu. Alimega mkate wa mahindi akauchovya kwenye supu. Alipomaliza aliomba aongezewe. Nadine alimpakulia, na mimi niliinuka nikaenda kuizima televisheni, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia na sikutaka anione, nisije nikamkatisha kula.